Nilivyoiombea Kinasanga

Kinampanda, 11 Novemba 1956

Karani wa Baraza la Kutunga Sheria alituambia sisi wajumbe wapya kwamba ni vizuri kila mmoja awe na daftari la shida za watu wake. Hili ndilo daftari langu. Leo hakuna aliyeleta shida. Joto tu. Mchungaji alihubiri kirefu na watu wengi walisinzia, nami nikiwa mmojawapo.

13 Novemba

Mvua bado.

14 Novemba

Mvua bado. Rahabu mke wangu anasema mheshimiwa anaweza kupasua kuni kama watu wengine. Nimepasua.

17 Novemba

Wamekuja watu watatu kutoka Kinasanga, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu: Mzee Msengi, ambaye ndiye mkubwa wa kule, Bonifasi mrina asali, na mdogo wangu Dorika, aliyeolewa kule. Tuliwaweka kivulini nyuma ya nyumba, wakanywa uji kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Huko je?"

"Huko tumekwisha," akasema, akaweka kata chini. "Lambo limekufa. Hakuna hata tone. Wanawake wanachimba matope mpaka kucha zinang'oka. Ng'ombe wanakufa wamesimama. Vilima vimebaki vipara, udongo wote umekwenda. Nchi ile haiwezi tena kumlisha mtu. Kasemee hayo huko kwenye baraza kubwa."

Niliandika. Nilipita Kinasanga majuma mawili yaliyopita. Lambo lina maji ya kufika magotini, machafu, na mchanga umejaa nusu yake. Ng'ombe waliokufa ni wawili, na mmoja alikuwa mzee. Lakini sikumkatiza. Kwetu mtu akija kuomba mbegu hasemi kwamba amebakiwa na debe moja. Anasema hana hata punje, watoto wamelala njaa siku tatu, na jembe limeliwa na mchwa. Anayeombwa anajua lipo debe moja na jembe lipo. Anapunguza mwenyewe kichwani, kisha anampa anachostahili. Ukiomba kwa kipimo cha kweli utaonekana una kiburi, au huna shida.

Nikawauliza wanataka nini hasa.

"Lambo lichimbuliwe mchanga," Mzee Msengi akasema. "Na kilima."

"Serikali imekifunga kilima kipumzike, mwaka wa pili huu," Bonifasi akadakia. "Mizinga yangu kumi na minne iko ndani. Nawasikia nyuki wangu kwa masikio, siruhusiwi kuwagusa. Wafungue mtu apite na mzinga wake na kuni kavu. Hatuombi zaidi."

Dorika hakusema mengi. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Kaka, useme kwa nguvu. Usiende kusema kiwalimu walimu." Nilifundisha miaka kumi na tisa chuoni kwa wamisheni, hapa Kinampanda, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunitania.

20 Novemba

Naandika hotuba. Rasimu ya kwanza ilikuwa baridi sana. Nimeweka maneno ya Mzee Msengi yote kama alivyoyasema, moja baada ya jingine. Sasa ina nguvu.

28 Novemba

Lori mpaka Singida, kisha basi la reli mpaka Manyoni. Vumbi. Nimeipitia hotuba mara tano.

29 Novemba

Manyoni, nasubiri treni. Wagogo wanauza kuku stesheni. Hakuna mvua hata huku.

Dar es Salaam, 5 Desemba

Leo nimesema.

Ukumbi una mapanga ya kuleta upepo darini, na viti vyake ni laini mno kwa mtu anayetakiwa kukaa macho. Spika aliita jina langu nikasimama. Nilisema kwa Kiingereza, dakika kumi na moja. Nilisema Kinasanga hakuna hata tone. Nilisema ng'ombe wanafia wima na kucha za akina mama zinang'oka. Nilisema vilima ni vipara na nchi ile haiwezi tena kumlisha mtu. Mwishoni nikaomba lambo lichimbuliwe na kilima kifunguliwe kwa warina asali. Nikaiweka karatasi mezani.

Waligonga meza. Hata upande wa serikali waligonga. Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge aliniinamia akasema hajapata kusikia mjumbe wa Kiafrika akieleza hali ya ardhi kwa uwazi namna ile.

Bwana anayejibu kwa niaba ya serikali alisimama. Alisema serikali imepokea maelezo ya mheshimiwa kwa masikitiko makubwa, na itapeleka mtaalamu. Pembeni yake vijana wawili walikuwa wanaandika kila neno, maana katika Baraza lile kila neno linapigwa chapa kitabuni.

Nilitegemea ningefurahi. Nilichokisikia ni kiatu cha kushoto kinabana.

14 Desemba

Nimefika nyumbani. Kinasanga walichinja mbuzi. Mzee Msengi alinitaka nirudie hotuba yote kwa Kinyiramba, nami nikairudia. Kila nilipofika penye "hakuna hata tone" watu walicheka kwa furaha na kupigana mabega, kwa sababu nyuma yao lambo lilionekana wazi, na ndama walikuwa wanakunywa.

"Hapo umeomba!" Bonifasi alisema. "Hapo hata jiwe lingetoa kitu."

19 Desemba

Mvua. Imeanza saa nane mchana.

20 Desemba

Mvua.

21 Desemba

Mvua. Paa la jikoni linavuja. Rahabu ameweka sufuria tatu.

25 Desemba

Kanisani watu wachache, mito imejaa.

3 Januari 1957

Tumepanda uwele. Mgongo unauma.

8 Januari

Lambo la Kinasanga limejaa mpaka ukingoni. Dorika ametuma salamu na kitoweo cha mlenda. Anasema vyura wanapiga kelele hata huwezi kuongea ndani ya nyumba.

16 Januari

Mtaalamu amekuja. Sikuwepo, nimesimuliwa na Paskali, karani wa boma, aliyefuatana naye. Alisimamisha gari juu ya kilima. Alitazama lambo, akatazama majani yalivyoota kila mahali. Alichukua udongo akautia katika vifuko. Hakumwuliza mtu swali hata moja. Mkononi alikuwa na kitabu cha Baraza, na ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa pembe.

Paskali anasema alimwambia, "Bwana, maji mbona yapo?" Yule akajibu kwamba mvua ya mwezi mmoja inamdanganya mgeni, lakini mwenyeji amekwisha kusema ukweli, na mwenyeji ni mheshimiwa.

17 Januari

Mvua. Palizi.

2 Februari

Palizi.

9 Februari

Barua imefika kutoka boma. Nimeinakili hapa sehemu inayohusika, kwa Kiswahili changu.

"Kwa kuwa mjumbe wa sehemu hiyo mwenyewe ameliarifu Baraza kwamba nchi ya Kinasanga haiwezi tena kumlisha mtu, na kwa kuwa serikali imelikubali jambo hilo, nyumba zote arobaini na tatu za Kinasanga zitahamishiwa Luseka, bondeni upande wa Wembere, kabla ya mwisho wa mwezi wa Aprili. Kilima, lambo na ardhi inayozunguka vitafungwa vipumzike."

Nimeisoma mara nyingi. Rahabu aliniuliza kuna nini, nikampa aisome mwenyewe. Alisoma akakaa chini kwenye kinu. Mimi nilikwenda kufunga ndama. Mikono ilifanya kazi yake kama kawaida.

11 Februari

Nimekwenda boma, Kiomboi. Bwana Shauri, mzungu anayetawala wilaya, ni kijana, ana mwaka mmoja hapa, na ana adabu. Aliniagizia chai.

"Mheshimiwa, nakupongeza," akasema. "Ni mara chache Baraza linajibu upesi hivi."

Nikamwambia watu hawakuomba kuhama. Waliomba mchanga uondolewe na kilima kifunguliwe.

"Ndiyo, nimeona, mwishoni mwa hotuba. Lakini ulisema nchi haiwezi kulisha mtu. Kama haiwezi, kuchimbua lambo kutasaidia nini?"

"Ile ni namna ya kuomba, Bwana. Kwetu mtu anayeomba husema hana kitu kabisa. Anayesikiliza hupunguza."

Alitafakari. Nadhani alijaribu kweli kuelewa. "Apunguze kiasi gani?"

Nimeishi miaka arobaini na saba nikipunguza maneno ya watu, na sijapata kujua kipimo chake. Unamtazama mtu usoni, unajua.

"Kwa hiyo ulilidanganya Baraza?" akauliza, bila ukali.

Nikasema hapana.

"Basi ni kweli."

Nikanywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi. Luseka ni chini ya bonde, joto, mbu, na watu wetu wa huku juu hawajazoea homa ya kule. Nilimwambia na hilo. Alisema mtaalamu ameitazama Luseka na udongo wake ni mzuri sana.

13 Februari

Sikwenda Kinasanga.

14 Februari

Sikwenda.

16 Februari

Nilikwenda. Bwana Shauri alitaka mimi ndiye nisome amri, ili watu waisikie kutoka kwa mtu wao. Wamekaa chini kando ya lambo, wanaume huku, wanawake kule. Nilisoma. Nilipofika penye maneno yangu sikuyaruka.

Mzee Msengi akauliza, "Yule bwana aliyekusikiliza ana umri gani?"

"Mtu mzima, mzee. Ana mvi."

"Na hakujua kupunguza?"

"Hakujua."

"Basi ungemwambia."

Hilo ndilo jambo. Haikunipitia akilini. Mimi niliyesoma, niliyekaa na wamisheni miaka yote ile na kujua wanavyochukua kila neno kama msumari, nilisimama pale nikaomba kama mtu aliyesimama uani kwa jirani yake. Wao hawakukosea, walinituma kama watu wanavyotuma. Aliyetakiwa kujua pande zote mbili ni mimi. Naandika hili na sijisikii chochote, kama jino lililotiwa dawa.

Dorika alinisindikiza mpaka njia panda. Alisema, "Mimi ndiye niliyekuambia useme kwa nguvu." Nikamwambia siyo yeye. Akarudi.

20 Februari

Mvua.

24 Februari

Mvua. Uwele umefika kiunoni. Watu wa Kinasanga wanapalilia mashamba wasiyojua kama watayavuna. Bonifasi ameomba ruhusa aingie kilimani kutoa mizinga yake. Amekataliwa, eti kilima kinapumzika.

Dar es Salaam, 13 Machi

Nimesema tena. Safari hii niliandika kila kitu kwa kipimo. Nilisema lambo la Kinasanga lina maji mwaka mzima isipokuwa miaka mibaya. Nilisema mwaka jana mpaka Novemba maji yalifika magotini. Ng'ombe waliokufa walikuwa wawili. Vilima vina miti, ingawa imepungua upande wa magharibi. Hakuna mama ninayemjua aliyeng'oka ukucha. Watu wanakula. Nikaomba amri ifutwe.

Hawakugonga meza. Mtu mmoja alicheka, kisha wengine.

Yule bwana wa serikali alisimama na vitabu viwili, kimoja kila mkono. Alisema angependa mheshimiwa amsaidie: aamini hotuba ya Desemba au ya Machi? Wakacheka tena. Ya Desemba, akasema, imethibitishwa na mtaalamu. Lakini hata kama ya Machi ni kweli, ni habari njema, maana inaonyesha kwamba ardhi ya Kinasanga bado ina uhai na itapona upesi zaidi watu wakiondoka. Kazi imekwisha kuanza Luseka. Akakaa.

Nilikuwa na nafasi ya swali la nyongeza. Spika alinitazama, akangoja. Nikatikisa kichwa.

Jioni mjumbe mmoja wa kutoka Jimbo la Ziwa alinipeleka kula wali kwa samaki. Alisema kila mjumbe ana siku kama ile. Niliona ni mtu mwema. Samaki alikuwa na miiba mingi.

21 Machi

Nyumbani. Rahabu hakuuliza.

30 Machi

Mvua imepungua. Ndege wameanza kuingia kwenye uwele.

9 Aprili

Leo wamehamishwa Kinasanga.

Malori matano yalifika asubuhi. Wengine walikuwa wamekwisha kuzivunja tembe zao na kutoa nguzo, maana walisikia Luseka hakuna miti ya kujengea. Wengine hawakugusa kitu, walikaa ndani mpaka askari alipogonga mlangoni. Uwele umesimama shambani, umeanza kukomaa. Bwana Shauri ametoa cheti cha kurudi kuvuna, mtu mmoja kwa kila nyumba, siku kumi. Alizunguka akisema pole kwa kila mtu. Nadhani alimaanisha.

Mimi nilipakia. Nilibeba vinu, mitungi, majiwe ya kusagia, kuku waliofungwa miguu. Hakuna aliyenikataza wala aliyenishukuru. Mzee Msengi alikwenda kwenye kaburi la mkewe, akakaa kidogo, akarudi akapanda mbele kwa dereva. Bonifasi alisimama chini ya kilima akisikiliza. Ilibidi aitwe mara tatu.

Dorika alikuwa ndani ya lori la nne. Nilimwinua Magdalena, mtoto wake wa mwisho, nikampandisha. Ana miaka mitatu. Alikuwa anacheka, hajawahi kupanda gari. Dorika akampokea bila kunitazama.

Walipoondoka nilibaki na Paskali. Lambo lilikuwa limejaa. Paskali alisema inasikitisha. Nikasema ndiyo. Nilingoja nione kama nitalia, maana hakukuwa na mtu mwingine. Baadaye tukaondoka.

10 Aprili

Nimelala mchana.

15 Aprili

Hakuna.

28 Aprili

Tumevuna uwele wetu. Mzuri. Rahabu anasema tumpelekee Dorika. Nimesema tutapeleka barabara ikikauka.

7 Mei

Barabara imekauka. Nina kazi nyingi.

19 Mei

Rahabu amesema kama siendi atakwenda yeye.

2 Juni

Nimekwenda Luseka. Lori la mfanyabiashara lilinishusha njiani, nikatembea saa mbili, nimebeba uwele begani. Huko chini joto linakukamata shingo. Nyumba zimejengwa mistari miwili iliyonyooka kama vitanda vya bweni, za miti na majani. Udongo ni mweusi na mzuri kweli, mtaalamu hakusema uwongo.

Walinikaribisha. Nilipewa kigoda na maji ya kunawa. Nilidhani watanifukuza, na ingekuwa rahisi zaidi. Mzee Msengi amekonda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Kisha akasema, "Toa daftari lako. Tunataka utusemee tena."

Nikamwambia mimi si mtu wa kutumwa tena.

"Hatuna mwingine. Toa."

Nilitoa hili hili. Watu walisogea wakakaa kunizunguka. Mzee Msengi alisema polepole, akinitazama mkono kuona kama naandika.

"Maji ni mwendo wa saa moja na robo. Yana chumvi kidogo, yananyweka. Andika yananyweka. Mbu wapo tangu jua kuzama mpaka alfajiri. Nzi wa ndorobo wapo upande wa mto, huku kwenye nyumba hawajafika. Ng'ombe waliokufa ni tisa. Wenye homa jana walikuwa ishirini na mmoja, nilipita nyumba hadi nyumba. Udongo ni mzuri. Andika na hilo. Tunachoomba ni dawa ya homa na mtu wa kuitoa. Usiongeze."

"Siongezi, mzee."

"Waliokufa kwa homa ni watoto watatu."

"Wawili," sauti ikasema nyuma.

Alikuwa Dorika. Amesimama mlangoni kwake na kata mkononi.

"Dorika," Mzee Msengi akasema kwa upole, "ni watatu."

"Nimesema wawili. Wangu asimwandike."

Hapo ndipo nilipojua. Nilitazama nyuma yake ndani, kisha pembeni, miguuni pa watoto wengine. Kwetu mtoto akifa mjomba ndiye wa kwanza kuitwa. Mjomba asipofika hawachimbi kaburi. Hawa walichimba. Nikauliza lini. Mwanamke mmoja akajibu kwamba ni majuma matatu yaliyopita, siku ya Ijumaa.

Nilikuwa nyumbani Ijumaa ile. Nilikuwa natengeneza mpini wa shoka.

Nikasema, "Dorika, mdogo wangu."

"Ulipoandika lambo, wakalichukua lambo," akasema. Hakupaza sauti. "Ukaandika kilima, wakachukua kilima. Magdalena yuko pale nyuma, namwona nikiamka. Ukimwandika watakuja na vitabu vyao kumtazama, waseme hapa napo hapafai, tuhame tena tumwache. Andika wawili."

Nilimtazama Mzee Msengi. Yeye ndiye aliyekuwa amesema nisiongeze, na hakuna aliyesema habari ya kupunguza. Akaitikia kwa kichwa.

Nikadhani sasa ganzi imeniachia, nitalia mbele ya watu wote wale. Sikulia.

Nikaandika: wawili. Wakataka niwasomee yote tangu mwanzo. Nikasoma maji, mbu, ndorobo, ng'ombe tisa, homa ishirini na mmoja, udongo mzuri, watoto wawili. Mzee Msengi akauliza kama kuna aliyesikia kosa. Walikuwa watu zaidi ya sitini pale, na wote walikuwa kwenye mazishi. Hakuna aliyesema kuna kosa.